Pesa Haitoshi Chanjo Zote: Mbwa Achanjwe Ipi Kwanza?

*Dada, mwaka jana tulihamia nyumba ya kupanga huku Mbagala, tukamkuta mbwa uani. Mpangaji aliyetutangulia alimwacha. Watoto wangu wawili wakampenda, wakamwita Simba, na mimi nikaanza kumpa chakula. Ni mbwa mkubwa, wanaojua wanasema ana miaka minne au mitano. Kadi ya chanjo hana. Analala nje karibu na mtaro, na panya wa hapo ni wengi. Juzi bwana mifugo alipita akaniandikia chanjo tano: kichaa, pavo na distempa kwa pamoja, homa ya mgunda, kikohozi, na korona ya mbwa. Mimi nauza vitumbua, dada. Pesa ya zote tano sina. Baba watoto anasema kama hatuwezi kumchanja, tumpakie kwenye bajaji tukamwache huko njia ya Mkuranga. Nifanye nini?*
*Mama wa Wawili, Mbagala*

Mdogo wangu, nawe unayesoma huku mbwa wako amelala mlangoni, sogea, maana swali hili mnaniletea wengi. Mmoja ameachiwa mbwa na shemeji aliyehama, mwingine ameokota mbwa koko aliyekuwa anakufa njaa, mwingine mbwa wake alichanjwa akiwa mtoto na tangu hapo hajaguswa sindano. Wote mnapewa orodha ndefu, mnapiga hesabu, mnaona haifiki, mnaacha kila kitu. Hapo ndipo ninapotaka tusaidiane. Mwenye pesa ya chanjo moja akichoma ile moja inayotakiwa, ameshafanya sehemu kubwa ya kazi. Anayesubiri mpaka apate pesa ya zote tano anaweza kusubiri hadi siku ya balaa.

Bwana mifugo wako hakukudanganya. Magonjwa yote aliyoyaandika yapo. Ila orodha yake haikupangwa kwa uzito, na hiyo ndiyo kazi yetu leo. Tukimaliza utaona kwamba chanjo moja haina mjadala, ya pili huhitaji kuilipia kila mwaka, ya tatu inategemea mahali unapoishi, na mbili za mwisho unaweza kuzipiga mstari leo hii.

Ya kwanza: kichaa cha mbwa

Hii naiweka juu kwa ajili ya wanao kuliko hata kwa ajili ya Simba mwenyewe.

Virusi vya kichaa hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na huingia kwa kung'ata, kwa kukwaruza, au kwa mate kugusa jeraha bichi. Vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaonekana, hakuna hospitali yenye dawa ya kumponya mtu; karibu kila anayefikia hatua hiyo hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila mia, tisini na tisa waliambukizwa na mbwa. Wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto anacheza chini, uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa, na akikwaruzwa hasemi kwa kuogopa kuchapwa.

Usiniambie Simba hatoki uani. Mbwa mgeni mwenye kichaa hapigi hodi, na paka naye huambukizwa na huruka ukuta. Geti likiachwa wazi jioni moja tu, yatosha.

Habari njema ni kwamba hii ndiyo chanjo nyepesi kuliko zote kwa mfuko. Mbwa mkubwa anachomwa sindano moja, anarudia baada ya mwaka, kisha anaendelea kila mwaka au kila miaka mitatu kufuatana na aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo. Kinga huchukua wiki mbili hadi nne kujengeka, kwa hiyo usimchanje leo ukamhesabu salama kesho.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya kata ukamuulize afisa mifugo kama kuna chanjo ya bure au ya bei nafuu inayokuja. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Katika majira hayo maeneo mengi huchanja mbwa bila malipo. Walio Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na walio Nairobi wana kliniki ya chuo kikuu pale Kabete. Ulizeni bei huko kabla ya kuamua.

Kama kampeni iko mbali, fanya hivi. Chanjo ya kichaa mara nyingi huja kwenye kichupa cha dozi kumi, na kikishafunguliwa hakiwekwi kwa wiki ijayo. Daktari anayemjia mbwa mmoja analazimika kukutoza safari na pengine kichupa kizima. Pita kwa majirani, hesabuni mbwa wenu, mwiteni siku moja, kisha muombe bei ya pamoja. Unapunguza gharama, na papo hapo unachanja mtaa. Wataalamu wanasema angalau mbwa sabini katika kila mia wakichanjwa, kichaa kinakosa pa kupita. Hilo limeonekana hapa hapa kwetu: kule Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizorudiwa mara kwa mara ziliuondoa ugonjwa huu kisiwani, ulipoingia tena mwaka 2016, wakachanja tena na ukaondoka tena.

Na kama mtoto atang'atwa, na mbwa yeyote yule, aliyechanjwa au asiyechanjwa: osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano bila kukatisha, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Mbwa aliyemng'ata asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa salama. Afisa mifugo atamwangalia kwa siku kumi, na hali yake itawasaidia madaktari kuamua. Sindano za mtu aliyeng'atwa ni kadhaa, na gharama yake na nauli zake haviwezi kulinganishwa na sindano moja ya mbwa.

Ya pili: sindano ya mchanganyiko

Humo ndani mna magonjwa makuu matatu: distempa, pavo, na homa ya ini ya mbwa. Hayamwingii mtu, lakini kwa mbwa ni maangamizi.

Distempa huanza kama mafua: macho na pua vinatoa uchafu, mbwa anakohoa, anaharisha, hali. Baada ya wiki kadhaa inaweza kupanda kichwani, mbwa akaanza kutetemeka na kuanguka kifafa, hata majirani wakadhani ni kichaa. Ukitaka kujua ukali wake, kumbuka Serengeti mwaka 1994: virusi hivyo hivyo viliwaingia simba, na karibu thuluthi ya simba wa hifadhi ile walikufa. Watafiti waliwatazama mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi kama chanzo cha ugonjwa.

Pavo ni ile ya kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Huwaua zaidi watoto wa mbwa, na mbwa mzima mara nyingi huhimili. Lakini virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi, pengine kupita mwaka, kwa hiyo uwanja aliofia mbwa wa jana unaweza kummaliza mbwa wa leo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotelea. Chanjo hizi tatu hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kinga yake kwa mbwa mzima hudumu miaka mitatu au zaidi. Mwongozo wa Chama cha Dunia cha Madaktari wa Wanyama Wadogo unasema mbwa mzima asirudiwe sehemu hii mara nyingi zaidi ya kila miaka mitatu. Na kwa mbwa mkubwa asiye na kadi kama Simba, kwa kawaida dozi moja inatosha kuamsha kinga. Mtoto wa mbwa ndiye anayehitaji dozi kadhaa, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huizuia chanjo kufanya kazi.

Kwa hiyo ukiambiwa mchanganyiko wote urudiwe kila mwaka, uliza kwa adabu: "Daktari, hii ya pavo na distempa si inakaa miaka mitatu? Mwakani unaweza kumpa kichaa peke yake?" Daktari mzuri hatachukia. Atakwambia ndiyo, au atakueleza kwa nini chanjo aliyonayo yeye ina masharti mengine.

Ya tatu: homa ya mgunda

Hii inaitazama nyumba yako, mdogo wangu, na nyumba yako ina mtaro na panya.

Jina hili Watanzania wengi walilisikia mwaka 2022, ugonjwa ulipolipuka Ruangwa mkoani Lindi na kuua watu. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa wa mbele, wakaingia kwenye maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu, kisha wakapenya kwenye mchubuko au kwenye macho na mdomo. Mbwa akiupata, figo na ini vinaumia, na mkojo wake unaweza kuwaambukiza mnaoishi naye.

Tatizo lake ni gharama. Chanjo hii haifanyi kazi kwa sindano moja: mbili za mwanzo hupishana wiki mbili hadi nne, kisha inarudiwa kila mwaka. Kwa mbwa anayelala sakafuni ndani ya ukuta mkavu mahali pasipo panya wengi, ningesema isubiri. Kwa Simba anayelala kando ya mtaro, naiweka ya tatu, lakini usiilipie sindano ya kwanza kama hujui pesa ya sindano ya pili itatoka wapi. Dozi moja peke yake ni pesa iliyomwagika.

Wakati unajikusanya, yapo mengi usiyohitaji kuyalipia. Msogeze Simba mbali na mtaro, alale juu ya mbao au pahali palipoinuka. Maji yake yamwagwe jioni na kuwekwa mapya asubuhi. Chakula alichobakiza usikiache usiku, maana ndicho kinachowaita panya. Watoto wasikanyage maji ya mtaro bila viatu. Hatua hizi zinaikinga familia nzima.

Hizi mbili zifute

Chanjo ya kikohozi inawahusu mbwa wanaolazwa pamoja: wanaopelekwa kwenye nyumba za kulelea wanyama wenyewe wakisafiri, au kwenye maonyesho na mafunzo. Simba halazwi popote. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hupona.

Korona ya mbwa ni kitu tofauti na ile ya watu iliyotutesa mwaka 2020. Humpata zaidi mtoto wa mbwa, humharisha kidogo, na mwongozo ule niliokutajia haupendekezi chanjo yake. Ukikuta imo ndani ya mchanganyiko kwa bei ile ile, haina neno. Usiilipie zaidi.

Adui asiye na sindano

Hapa nataka uweke pembeni pesa uliyookoa kwenye hizo mbili. Katika nchi zetu za joto, mbwa wengi waliochanjwa vizuri wanakufa kwa magonjwa ya kupe. Homa inapanda, fizi zinakuwa nyeupe, mkojo unageuka mwekundu au kahawia, mbwa anakonda huku bakuli limejaa. Duka la dawa za mifugo halitakuuzia chanjo ya kuyazuia. Kinga yake ni kuondoa kupe.

Mkague Simba masikioni, katikati ya vidole, kwapani na chini ya mkia, kila siku ukiweza. Nunua dawa ya kupe iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa, na ufuate kipimo cha uzito. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikikorogwa kwa kukisia inaweza kumuua mbwa, na kuwadhuru watoto wanaomshika. Nyunyiza pia pale anapolala, maana kupe wengi hukaa kwenye nyufa za ukuta kuliko mwilini mwake. Ongeza dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Minyoo ya mbwa huhamia kwa watoto wanaochezea mchanga.

Siku ya kuchanja

Mbwa wa uani wengi hawajazoea kushikwa, na katika nyumba zetu nyingi za pwani watu hawamgusi mbwa kwa sababu ya udhu. Hilo lina njia. Anayemlisha ndiye amfunge kamba asubuhi kabla hajala, kwa utulivu, na watoto wakae ndani. Daktari mzoefu atamfunga mdomo kwa kitambaa na kumaliza haraka. Sabuni na maji viwe karibu kwa ajili ya wote.

Mwambie daktari mapema kiasi ulichonacho. Hakuna aibu. Akijua, atakupangia, asipojua, atakuandikia kila kitu. Kisha hakikisha haya.

Chanjo itoke kwenye friji au kwenye boksi la barafu. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na ile yenye virusi hai huharibika upesi kwenye joto. Iliyozunguka mtaani kwenye begi juani mchana kutwa ni maji tu, hata kama kichupa kina jina zuri. Ile inayokuja kama unga mkavu ikorogwe mbele yako na ichomwe hapo hapo.

Dozi isigawanywe. Kwa chanjo hizi mbwa mdogo na mbwa mkubwa hupewa kipimo kile kile, na nusu dozi kwa mbwa wawili inaweza kuwaacha wote wawili bila kinga. Pia usinunue dukani ukamchoma mwenyewe. Hujui imehifadhiwa vipi, na kadi isiyo na sahihi ya mtaalamu haitakusaidia siku Simba akimng'ata mtu.

Kibandiko cha kichupa kibandikwe kwenye kadi, pamoja na tarehe na sahihi. Herufi za kibandiko zitakusaidia kujua ulicholipia: D ni distempa, H au A ni homa ya ini, P ni pavo, Pi ni mojawapo ya virusi vya kikohozi, L ni homa ya mgunda, R ni kichaa. Kadi ikipotea, mwakani mtaanza upya na utalipa upya.

Mbwa mgonjwa mwenye homa asichanjwe siku hiyo, na jike mwenye mimba mwambie daktari kabla, kwa sababu ile ya virusi hai haimfai. Baada ya sindano kaeni karibu naye nusu saa. Kusinzia siku moja au uvimbe mdogo si tatizo. Uso ukivimba au akianza kutapika na kulegea, arudishwe mara moja.

Ratiba ya Simba

Mwezi huu, kichaa peke yake. Pesa ikiruhusu, dawa ya kupe na ya minyoo.

Ukishajikusanya, hata kama ni miezi miwili mbele, mchanganyiko wa pavo na distempa, dozi moja. Ukiwa na uhakika wa pesa ya dozi mbili, omba wenye L, na ya mgunda irudiwe baada ya wiki tatu au nne.

Mwakani, kichaa kirudiwe, na ya mgunda kama uliianza. Mwaka wa pili vivyo hivyo, ila kwa kichaa fuata tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mwaka wa tatu ndipo unarudia mchanganyiko. Jitengee kiasi kidogo kila wiki kwenye simu, utaona haiumi.

Kuhusu njia ya Mkuranga

Hapa naomba umsomee baba watoto kwa sauti. Shemeji, naelewa mzigo ulio nao, na najua umesema hivyo kwa kuwahofia wanao. Lakini mbwa asiyechanjwa ukimshusha njia ya Mkuranga, umemshusha kwenye uwanja wa watoto wengine. Atatafuta chakula majalalani, atapigana na mbwa asiowajua, na akiambukizwa, mtoto atakayeng'atwa atakuwa na mama yake pia. Na hapo uani kwenu hapatabaki patupu. Lilipo jaa la mabaki ya chakula, mbwa mwingine atakuja, naye hamtajua alikotoka.

Simba mnamjua. Amekaa na watoto mwaka mzima, anakula mkononi mwa mkeo, na sindano moja inatosha kuondoa hatari iliyo kubwa kuliko zote. Kama kweli hamwezi kuishi naye, mchanjeni kwanza, kisha mtafutieni nyumba akiwa na kadi yake. Mbwa mzima mwenye kadi anapata mtu wa kumchukua kwa urahisi zaidi.

Wewe mdogo wangu, kesho ukishamaliza vitumbua vyako vya asubuhi, pitia kwa majirani wenye mbwa, andika majina yao, kisha mpelekee afisa mifugo wa kata ile hesabu. Muulize bei ya kichaa kwa mbwa wote siku moja. Kisha niandikie amesema nini, ili na wenzako wajue pa kuanzia.